Jicho Lisiloweza Kungoja

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunazungumza juu ya macho, na juu ya jambo lililotokea mbele yetu sote mwaka 2020 lakini halikusemwa sana. Wakati ule wa korona tulisikia habari za mapafu, za homa na za kukohoa. Hatukuambiwa kwamba wapo ambao korona yenyewe haitawagusa, lakini watabaki na jicho moja kwa sababu yake.

Tukumbushane kidogo. Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, huko Arusha, na kesho yake ikatolewa amri ya kufunga shule. Wenzetu wa Mombasa walizuiwa kutoka wala kuingia mjini mwao tangu Aprili. Katikati ya Mei Kenya ikafunga mpaka kwa abiria, na ndugu wa Mkinga na wa Vanga waliozoea kutembeleana kupitia Horohoro wakabaki kuulizana hali kwa simu. Kwetu Tanga haikuwa hivyo. Makanisa na misikiti havikufungwa, soko la Mgandini liliendelea, daladala zilitembea. Hakuna askari aliyemzuia mama njiani asiende zahanati.

Na bado mabenchi yetu yalikuwa matupu. Sisi tuliokuwa zamu miezi ile tunakumbuka asubuhi ambazo kwa kawaida ungekuta akina mama wamebanana na watoto wao mapajani, lakini wameketi watu watatu, kila mmoja kwenye kona yake, barakoa hadi machoni. Kilichowazuia wengine ni hofu. Walisema hospitali ndiko korona iliko. Wengine waliogopa kwamba wakipiga chafya tu mbele ya daktari watapelekwa karantini, na wengine, tusifichane, waliogopa kufia huko na kuzikwa na watu wasiowajua.

Katika hao waliobaki nyumbani, wengi hawakupata dhara lolote. Mwenye macho ya kuwasha kila msimu wa vumbi, mwenye kutaka miwani ya kusomea, bibi mwenye mtoto wa jicho anayekomaa polepole, hawa wangeweza kungoja mwezi mzima. Hata madaktari wa macho katika nchi nyingi waliwaomba wagonjwa wa namna hiyo wasubiri, na walikuwa na sababu. Anayepima jicho husogeza uso wake karibu na uso wa mgonjwa hata pumzi zao zikakutana. Daktari Li Wenliang wa Wuhan, yule kijana aliyewatahadharisha wenzake mapema juu ya ugonjwa ule na kufariki tarehe 7 Februari 2020, alikuwa daktari wa macho, na yeye mwenyewe alidhani aliambukizwa na mgonjwa aliyemtibu presha ya macho.

Shida ni kwamba hofu haijui kuchagua. Humwambia mwenye kuwashwa abaki nyumbani, na humwambia hivyo hivyo aliyechomwa jicho na mwiba. Huko Uingereza, Italia na India, hospitali nyingi ziliona wagonjwa wa dharura za macho wakipungua kwa nusu au zaidi katika miezi ya kwanza ya marufuku. Mtu angeweza kudhani macho ya watu yamepona ghafla. Kumbe waliofika walikuwa na hali mbaya kuliko ilivyozoeleka, na waliobanduka pazia la ndani la jicho, ambao hutakiwa kufanyiwa upasuaji upesi, walifika wakati sehemu ya kuonea vizuri imekwisha kuharibika.

Kwetu sisi hilo lilikuwa na sura ya mtoto. Tutamtaja bila jina, maana mama yake yungali nasi. Ni mtoto wa kiume wa miaka sita, kutoka kijiji cha upande wa Pangani. Shule zimefungwa, watoto wamejaa uani kutwa nzima, wamejitengenezea upinde na mishale ya chelewa zilizochomolewa kwenye ufagio. Mshale mmoja ukampata jichoni. Jicho likawa jekundu, likatoa machozi, akalia usiku kucha. Kulipokucha, mama yake akaona kidoa cheupe kama punje ya mchele juu ya ule weusi wa jicho. Akataka kwenda. Bibi mzaa baba akasema wangoje kwanza ugonjwa huu wa dunia upungue. Jirani akaleta chupa ya matone iliyobakizwa na mumewe. Mtu mwingine akaleta maji ya majani.

Mama yule hakuwa mzembe. Alitueleza kwamba mara mbili alimbeba mtoto hadi karibu na zahanati, na mara mbili alipomwona muuguzi mlangoni amevaa barakoa, glavu na aproni, moyo ukamwenda mbio akageuka. Siku ya tano mtoto akaacha kulia, wakafurahi wakidhani anapona. Siku ya tisa ndipo alipofika. Kioo cha jicho kilikuwa kimegeuka cheupe chote, na nyuma yake umesimama usaha. Akapelekwa hospitali kubwa, wakaokoa umbo la jicho, lakini kuona hakukurudi.

Siku ya kwanza kidonda kile kilihitaji dawa ya matone kila saa moja, mchana na usiku, chini ya uangalizi. Hilo linawezekana. Siku ya tisa dawa hizo hizo zilikuwa zikimwagiwa juu ya nyumba iliyokwisha kuungua.

Tena janga lile halikuwatisha watu tu, lilileta na ajali zake. Kila mlango uliwekwa ndoo ya maji au chupa ya kitakasa mikono. Huko Ufaransa wataalamu walihesabu watoto walioingiwa na kitakasa machoni kati ya Aprili na Agosti 2020, wakakuta wameongezeka mara 7 kuliko kipindi kama hicho mwaka 2019. Hospitali moja ya macho ya Paris ililaza watoto 16 kwa ajali hiyo, wakati mwaka uliotangulia ililaza 1. Sababu ni ndogo mno. Chupa huwekwa kwenye kimo cha kiuno cha mtu mzima, na kimo hicho ndicho cha macho ya mtoto wa miaka minne. Mtoto akikanyaga au akiminya, spiriti humrukia usoni. Kwa hiyo chupa za namna hiyo zilizobaki makanisani mwetu na madukani ziwekwe juu, na mtoto apakwe mkononi na mtu mzima.

Halafu kulikuwa na kujifukiza. Hatutaki kubishana hapa na anayependa nyungu yake; bibi zetu walijifukiza kabla ya korona na watajifukiza baada yake. Lakini kumwingiza mtoto mdogo chini ya blanketi pamoja na sufuria inayotokota ni jambo tunaloomba liachwe kabisa. Sufuria hupinduka. Mara nyingi kope hujifunga upesi na kuliokoa jicho siku hiyo, ila kope zenyewe zikiungua, kovu huzivuta baadaye, jicho likashindwa kufumba hata usingizini, likakauka na kufanya kidonda. Basi aliyeungua usoni aonwe hata kama anasema anaona vizuri.

MLIPUKO WA PILI ULIKUJA KINYUME

Mwezi Januari 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa macho mekundu, na muda si mrefu pwani ya Kenya nayo ikapatwa. Safari hii watu hawakuyakimbia majengo ya hospitali. Walisema tu, "Ni ule ugonjwa, kila mtu anao," wakanunua matone dukani. (Si mara ya kwanza dunia kuona mambo haya. Mlipuko mwingine ulianzia Ghana mwaka 1969, wakati watu wa Marekani walipotua mwezini, na hadi leo wenzetu wa Ghana na Nigeria huyaita macho mekundu Apollo, kwa jina la chombo kile.)

Kwa wengi wao neno hilo lilikuwa la kweli. Macho mekundu ya mlipuko huletwa na virusi, huambukizwa kwa mikono, mito, taulo na pembe ya kanga tunayofutia kila mtoto, nayo hupona yenyewe kwa wiki moja au mbili. Lakini kila jicho lililo jekundu siku zile lilipewa jina moja. Aliyechomwa na mwiba wa katani alikuwa na jicho jekundu. Mwenye presha ya macho ya ghafla alikuwa na jicho jekundu. Wote wakaambiwa ni ule ugonjwa, utapita. Mwaka 2020 jicho la hatari lilifichwa nyumbani kwa hofu, na mwaka 2024 lilijificha katikati ya wenzake wengi.

Ndiyo maana tunawaomba akina mama mjue kutofautisha, maana anayelitazama jicho la mtoto asubuhi ni ninyi, kabla ya muuguzi na kabla ya daktari. Macho ya mlipuko kwa kawaida huanza moja na baada ya siku moja au mbili hufuata la pili. Huwasha na kukwaruza kama yana mchanga, hutoa tongotongo, na ukisafisha tongotongo, kuona kunakuwa kule kule. Hapo usiwe na haraka. Maji safi, kitambaa cha peke yake, mikono inawiwe.

Lakini jicho moja tu likiwa jekundu na kuuma sana, likachukia mwanga, na kuona kukapungua, hilo si la kungoja. Kidoa cheupe juu ya kioo cha jicho kisingoje hata kesho. Mtu mzima aliyeshikwa na maumivu makali ya jicho pamoja na kichwa, akitapika na kuona duara za rangi kuzunguka taa, asipewe dawa ya malaria akalazwa kitandani. Apelekwe usiku huo huo. Mwenye kuona vimulimuli na kitu kama pazia linashuka upande mmoja, hata kama haumwi popote, aende. Na mtoto mchanga ambaye katika siku zake za kwanza macho yamevimba na yanatoa usaha mwingi, huyo ni dharura kuliko wote, kwa kuwa wadudu wa kisonono wanaweza kutoboa kioo cha jicho kwa siku chache mno. Mama yake asione haya. Atatibiwa yeye, baba na mtoto, na siri hukaa kwetu.

Namna ya kupima kuona ni rahisi. Funika jicho zima kwa kiganja bila kulibonyeza, mwulize mtoto ni vidole vingapi, au mtu mzima asome kitabu cha nyimbo. Kwa mtoto asiyesema bado, ukifunika jicho bovu akatulia, kisha ukifunika zima akalia na kuusukuma mkono wako, amekujibu.

Tuseme kidogo juu ya chokaa, kwa kuwa mkoa wetu ni wa mawe ya chokaa na saruji, na pwani hii bado kuna kikopo cha chokaa ya tambuu kwenye nyumba nyingi, mahali mtoto anapofikia. Chokaa, magadi ya kutengenezea sabuni na dawa za kuondoa madoa huendelea kula jicho hata baada ya maumivu kupungua. Hapa usikimbilie hospitali kwanza. Kimbilia maji. Mlaze mtoto, fungua kope kwa vidole, mwagia maji safi mfululizo kwa nusu saa nzima, ukiondoa chembe kwa pembe ya kitambaa kilicholowa, na yeye apige kelele anavyotaka. Maji ya bomba, ya kisima, ya ndoo ya kunawia, yoyote yaliyo safi. Ndipo mwende. Aliyetobolewa jicho yeye hafanyiwi hivyo: usioshe, usichomoe kilichonasa, usibonyeze, kinga jicho kwa kikombe cha plastiki kisichogusa jicho, kifungwe kwa kitambaa, mwende.

Juu ya dawa za kienyeji tutasema tunavyoona. Utafiti juu ya vidonda vya kioo cha jicho hapa Tanzania, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba robo ya wagonjwa walikuwa wametia dawa za kienyeji. Mkojo, maziwa ya mama, chai ya rangi, maji ya majani, yote tumeyakuta. Wapo waliotujibu kwamba Bwana Yesu mwenyewe alimpaka kipofu tope. Ni kweli, nasi tunaamini muujiza ule, lakini yule alizaliwa kipofu na aliyempaka alikuwa Bwana. Dada yangu, tope letu sisi lina wadudu. Wala matone ya dukani si salama kwa kuwa yako kwenye chupa nzuri. Yapo yenye dawa ya kutuliza uvimbe, kama deksamethasoni, ambayo huondoa wekundu upesi na jicho likapendeza, huku kidonda kikizidi kuchimba chini kwa chini. Matone ya mtu mwingine yasiingie jichoni mwa mtoto wako, hata kama yalimponya mwenyewe siku mbili.

KABLA MLIPUKO MWINGINE HAUJAJA

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya korona tarehe 5 Mei 2023, lakini hakuna anayetuhakikishia kwamba ndiyo ya mwisho. Tunachoweza kufanya sasa ni mipango midogo. Zungumza na baba na bibi wa watoto wakati hakuna mgonjwa, mkubaliane kwamba jicho la namna tulizotaja halingoji ruhusa, na kwamba nauli yake iko mahali panapojulikana. Kikundi kimoja cha akina mama tunachokifahamu kina bahasha ya nauli kwa katibu. Anayepatwa na dharura hupewa kwanza na kuulizwa baadaye. Tunashauri vikundi vingine viige. Mtu wa Pangani anaanzia hospitali ya wilaya, mtu wa Muheza ana Hospitali Teule, na wote rufaa yao ya mkoa ni Bombo. Inapobidi kupelekwa KCMC Moshi ni safari ya kama kilomita 350, na mwenye safari hiyo asianze kutafuta nauli siku hiyo.

Hali kadhalika, mkifika msikae foleni kimya. Mlango wa hospitali wakati wa janga una maswali mengi ya homa na kikohozi, na jicho linaweza kusahauliwa. Mama aseme wazi: "Mwanangu ameingiwa na chokaa," au "jicho limechomwa jana, sasa halioni." Maneno hayo mawili matatu yatamtoa mwisho wa mstari. Barakoa vaa ukitakiwa, na mtoto umwandae njiani kwamba atakutana na watu waliofunika nyuso. Upande wetu wauguzi, baada ya yule mama wa Pangani tuliomba wenzetu wa mlangoni wawe wanapunga mkono na kusalimia kwa sauti kabla mtu hajakaribia. Inasaidia.

Mwisho, mama mmoja wa Muheza ametuandikia kuuliza: akipata macho mekundu ya kuambukiza huku ananyonyesha, aache? Asiache. Maziwa hayana virusi hivyo. Mikono ndiyo inayo. Anawe kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, asilalie naye mto mmoja, kanga ya kufutia macho iwe yake peke yake na ifuliwe ianikwe juani. Maziwa yaende kinywani mwa mtoto, yasitiwe jichoni mwa mtu yeyote. Na mtoto wake akiwa hajatimiza mwezi mmoja na macho yakaanza kutoa usaha, amlete siku hiyo hiyo.